Maswali ya Wasomaji: Barua za Familia ya Adams, Zilizochomwa na Zilizosalia

Makala yetu ya toleo lililopita, iliyohusu familia ya Adams ya Massachusetts na hazina yake kubwa ya barua, imetuletea maswali mengi kuliko tulivyotarajia. Yaliyofanana tumeyaunganisha, na tumechagua haya sita kwa sababu kila moja linagusa jambo ambalo makala ile haikulieleza vya kutosha.

SWALI: Mhariri, mlisema kwamba hazina ya familia ya Adams ina zaidi ya kurasa robo milioni za barua, shajara na hati nyingine. Familia nyingi zimetoa viongozi na hazikuacha hata bahasha moja. Hawa walifanyaje, na walitaka nini?

JIBU: Ndugu msomaji, walihifadhi kwa makusudi, na makusudi hayo yalianza kabla familia haijawa na jina kubwa. Mwezi Juni 1776 John Adams, aliyekuja kuwa rais wa pili wa Marekani, akiwa Philadelphia katika mkutano wa makoloni yaliyokuwa karibu kujitangazia uhuru, alimwandikia mkewe Abigail kwamba amenunua daftari kubwa ambalo ndani yake atanakili barua anazotuma, akamshauri naye afanye vivyo hivyo. Majuma machache kabla ya hapo Abigail alikuwa amemwomba azichome barua zake, naye akamjibu kwamba ili azichome itambidi kwanza amsahau yeye mwenyewe. Kwa sababu ya msimamo huo zimetufikia barua zaidi ya 1,100 ambazo wawili hao waliandikiana.

Barua ikishatumwa hubaki kwa aliyeipokea, na ndiyo sababu familia nyingi huwa na barua zilizoletewa lakini hazina zile zilizoandika. Katika nyumba ya Adams madaftari ya nakala yaliziba pengo hilo. John alipozeeka na macho yake kufifia, wajukuu waliketi naye na kuandika alichowaambia, na kwa njia hiyo siasa za nchi zilipita mikononi mwa vijana wa nyumba hata kabla hawajafikia umri wa kupiga kura. John Quincy, mwana wa kwanza, alikwisha kuanza shajara yake mnamo Novemba 1779, akiwa na miaka 12, alipokuwa akivuka Atlantiki na baba yake aliyetumwa Ulaya kwa kazi ya ubalozi. Aliendelea kuiandika, ingawa iko miaka yenye mapengo, hadi mwaka aliofariki, 1848, na kati ya hapo alikuwa balozi, seneta, Waziri wa Mambo ya Nje, rais wa sita wa Marekani na hatimaye mbunge. Shajara hiyo ina juzuu 51 na zaidi ya kurasa 14,000. Mwanawe Charles Francis, aliyekuwa balozi London kuanzia 1861 hadi 1868, aliifuata desturi hiyohiyo, na wanawe Henry, Brooks na Charles Francis mdogo wakaendelea kuandika hadi karne iliyofuata.

Kuhusu walichotaka, sisi tunaamini kwamba la kwanza lilikuwa kujitetea. Marais wote wawili wa familia hii walitawala muhula mmoja tu na kuondolewa kwa kura: John alishindwa na Thomas Jefferson mwaka 1800, na John Quincy akashindwa na Andrew Jackson mwaka 1828. Mtu aliyeshinda anaweza kuwaachia wafuasi wake wamsimulie, lakini aliyeshindwa hulazimika kukusanya ushahidi, na John alitumia sehemu kubwa ya miaka yake 25 ya kustaafu akieleza, kwa barua baada ya barua, kwa nini alitenda alivyotenda. Hata urafiki wake na Jefferson, uliorejea kwa barua moja ya Januari 1812 na kudumu hadi wote wawili walipofariki siku moja, tarehe 4 Julai 1826, umejaa hoja za mtu anayetaka kueleweka na watakaokuja.

Sababu ya pili ni ya kisheria, na wengi huisahau. Katika karne ya kumi na tisa karatasi za rais zilikuwa mali yake binafsi. Alipoondoka Ikulu aliondoka nazo. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ilianzishwa mwaka 1934 tu, na sheria iliyozifanya karatasi za rais kuwa mali ya umma ilipitishwa mwaka 1978. Kwa hiyo familia ilihifadhi, au hakuna aliyehifadhi. Karatasi za Zachary Taylor zilipotea mwaka 1862 askari wa Muungano, yaani upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, walipopora shamba la mwanawe huko Louisiana. Nyingi za John Tyler ziliteketea Richmond, mji mkuu wa Kusini katika vita hivyo, ilipoungua mwaka 1865. Mtoto wa Millard Fillmore aliagiza katika wosia wake kwamba za baba yake zichomwe, ingawa sehemu ilinusurika. Robert Todd Lincoln alizikabidhi za baba yake kwa Maktaba ya Bunge mwaka 1919, lakini kwa sharti kwamba zifungwe mpaka ipite miaka 21 tangu kifo chake yeye mwenyewe. Zikafunguliwa Julai 1947, miaka 82 baada ya Abraham Lincoln kuuawa.

John Quincy Adams aliiona hatari hiyo mapema. Aliacha agizo katika wosia wake kwamba vitabu na hati zake viwekwe katika jengo lisiloweza kuungua, na Charles Francis akalitekeleza kwa kujenga maktaba ya mawe katika bustani ya nyumba yao mjini Quincy, iliyokamilika mwaka 1870. Mwaka 1902 karatasi zilihamishiwa Boston, kwenye Chama cha Historia cha Massachusetts, na tangu 1905 zikawa chini ya wadhamini kutoka ndani ya familia, ambao hawakuwa wepesi kumruhusu mgeni azione. Milango ilifunguka katika miaka ya 1950: kazi ya kuzihariri na kuzichapisha ilianza 1954, hazina nzima ikapigwa picha katika mikrofilamu 608, yaani filamu zenye picha ndogo za kurasa, na mwaka 1956 familia ikaitoa rasmi kwa chama hicho. Kazi ya kuchapisha haikuwa ya miaka michache, kwa maana juzuu zimeendelea kutolewa hadi karne hii.

SWALI: Katika barua hizi wanawake huonekana kama wake na mabinti wanaosalimiana na kuuliza habari za afya. Je, kuna siasa yoyote ndani ya barua zao, au tunazisoma kwa ajili ya habari za nyumbani tu?

JIBU: Kuna siasa nyingi, na tunathubutu kusema kwamba mara kadhaa siasa iliyo katika barua za wanawake ni ya wazi zaidi kuliko ile iliyo katika hotuba za waume zao. Sababu yake ni namna familia hizi zilivyoishi. Mwanasiasa wa karne ile alikaa Washington kwa miezi mingi wakati wa vikao, mke akabaki jimboni akisimamia shamba, madeni na watoto, na kwa kuwa hawakuweza kuzungumza ana kwa ana ilibidi kila jambo liandikwe. Mara nyingine mambo yalikuwa kinyume: mke ndiye aliyekuwa Washington, katikati ya habari, na mume akawa mbali.

Louisa Catherine, mke wa John Quincy, ni mfano tunaoupenda. Alizaliwa London mwaka 1775, baba yake akiwa mfanyabiashara kutoka Maryland. Baada ya Abigail kufariki mwaka 1818, Louisa aliendelea kumpelekea mkwewe mzee, John, barua za mfululizo kama shajara, akimweleza nani alikuja kwenye karamu, nani alikataa kuja, nani alimnunia nani. Msomaji wa haraka ataziona kuwa porojo. Lakini huo ulikuwa wakati ambapo mtu hakutangaza hadharani kwamba anautaka urais, na kura zilitafutwa sebuleni. Tarehe 8 Januari 1824 Louisa aliandaa tafrija kubwa ya kumheshimu Jenerali Andrew Jackson, mtu ambaye miezi michache baadaye angekuwa mpinzani mkuu wa mumewe katika uchaguzi. Anayetaka kuelewa jinsi John Quincy alivyoufikia urais na aziache hotuba, asome ratiba ya wageni wa mkewe.

Ni huyohuyo Louisa ambaye mnamo Februari 1815 alitoka St. Petersburg pamoja na mwanawe Charles Francis, mtoto wa miaka 7, akasafiri kwa gari la farasi wakati wa baridi kali kupita nchi zilizoharibiwa na vita, na kufika Paris mwishoni mwa Machi, siku chache baada ya Napoleon kurejea humo. Habari za safari hiyo aliziandika mwaka 1836, miaka zaidi ya 20 baadaye, akitaka ijulikane kwamba mwanamke aliweza.

Tusibaki kwa Adams peke yao. Frances Seward wa mji wa Auburn, jimbo la New York, alikuwa mke wa William Henry Seward, aliyekuwa gavana, kisha seneta, kisha Waziri wa Mambo ya Nje wa Lincoln. Januari 1861, majimbo ya Kusini yalipokuwa yakijitenga, Seward alitoa hotuba ya kutafuta suluhu katika Seneti, na magazeti mengi yakamsifu. Mkewe, aliyeuchukia utumwa na ambaye nyumba yake iliwahi kuwapa hifadhi watu waliotoroka utumwani, alimwandikia barua ya kumpinga bila kuficha kitu, kwa kuwa aliona kwamba suluhu hiyo ingelipwa na watu ambao hawakuulizwa. Hakuna mwandishi wa gazeti aliyemkosoa Seward kwa ujuzi kama huo wa tabia yake. Binti yao Fanny alikuwa chumbani usiku wa tarehe 14 Aprili 1865 mtu aliyetaka kumuua baba yake alipomvamia kitandani kwa kisu, na maelezo yaliyo katika shajara yake ni ushahidi wa kwanza wa tukio lile. Karatasi za familia hiyo leo zimo katika Chuo Kikuu cha Rochester.

Wa tatu ni Elizabeth Blair Lee. Baba yake, Francis Preston Blair, alikuwa mhariri wa gazeti na mshauri wa Andrew Jackson; kaka yake Montgomery alimtetea Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake, mbele ya Mahakama ya Juu na baadaye akawa Waziri wa Posta wa Lincoln; mumewe, Samuel Phillips Lee, alikuwa afisa wa jeshi la majini la Muungano, na wakati huohuo alikuwa ndugu katika ukoo wa Jenerali Robert E. Lee wa upande wa pili. Wakati wote wa vita Elizabeth alimwandikia mumewe karibu kila siku, akiwa ama katika nyumba ya familia inayotazamana na Ikulu ama katika shamba lao la Silver Spring. Mume alikuwa baharini akizuia bandari za Kusini na alihitaji kujua ni nani anayempendelea na ni nani anayemchimba. Mke alikula meza moja na watu hao. Barua hizo, ambazo sasa zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Princeton, ni taarifa za kisiasa zilizoanza kwa salamu za mtoto. Wala kusalia kwa karatasi za familia kama hiyo hakukuwa jambo la uhakika: Julai 1864 majeshi ya Kusini yalifika Silver Spring, nyumba ya Montgomery ikachomwa moto, na ya baba yake ikaachwa imesimama.

SWALI: Gharama ya posta ililipwa na nani? Watu wanaoandikiana kila siku kwa miaka mingi lazima walitumia fedha nyingi.

JIBU: Watu wa kawaida walitumia fedha nyingi kweli. Tangu 1816 karatasi moja iliyosafiri zaidi ya maili 400 ililipiwa senti 25, karatasi mbili zikalipiwa mara mbili, na kwa kawaida aliyelipa ni mpokeaji. Ndiyo maana karatasi ilikunjwa yenyewe kuwa bahasha, ikafungwa kwa lakiri, na waandishi wengine waliijaza kwa mistari ya kulala kisha wakaigeuza na kuandika mistari ya kukatiza juu yake. Mwaka 1845 sheria ilishusha bei kuwa senti 5 kwa nusu aunsi hadi maili 300 na senti 10 kwa umbali zaidi. Stempu za kwanza za serikali zikatoka 1847. Mwaka 1855 mtumaji akalazimishwa kulipa mapema.

Wabunge, hata hivyo, walikuwa na haki ya kutuma na kupokea barua bila malipo kwa kuandika jina lao juu ya karatasi, hadi haki hiyo ilipofutwa mwaka 1873 na kurejeshwa kidogo kidogo baadaye. Hapa pana jambo la kuzingatia kwa makini. Familia yenye mbunge iliweza kuandikiana kila siku bila kuhesabu senti, ilhali kibarua alifikiri mara mbili kabla ya kwenda posta kuchukua barua ya ndugu yake. Wingi wa karatasi za familia kama ya Adams ni ushahidi wa bidii yao, na pia ni ushahidi wa upendeleo waliokuwa nao.

SWALI: Watu hawa waliandika wakijua kwamba watasomwa na vizazi vijavyo. Kwa nini basi tuwaamini?

JIBU: Swali lako ni zuri, na jibu letu ni kwamba tusiwaamini kwa jumla, bali tuwapambanishe na wao wenyewe. Mfano mmoja utatosha. Februari na Machi 1820, nchi ilipokuwa ikibishana iwapo Missouri ikubaliwe kuwa jimbo la Marekani ikiwa na utumwa, John Quincy Adams alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Baada ya mazungumzo marefu na mwenzake katika baraza la mawaziri, John C. Calhoun wa South Carolina, aliandika katika shajara yake kwamba utumwa ni doa kubwa na chafu juu ya Muungano wa Marekani, akafikiria hata uwezekano wa nchi kuvunjika na kuundwa upya juu ya msingi wa ukombozi wa watumwa. Siku chache baadaye, Rais Monroe alipowataka ushauri mawaziri wake, mtu huyohuyo aliunga mkono kutiwa saini kwa mapatano yaliyoiruhusu Missouri kuwa na watumwa, na hadharani akanyamaza kwa miaka zaidi ya kumi.

Shajara haikumsafisha, ilimweka uchi. Kama alitaka kujipamba kwa ajili yetu, angeweza kuiacha kurasa hiyo tupu, au angeandika kwamba alipinga. Badala yake aliandika yote mawili, chuki yake na ridhaa yake, pamoja na hoja kwamba hapakuwa na zaidi ya hapo lililowezekana chini ya Katiba. Ni thamani hiyo ambayo gazeti la siku zile au kumbukumbu za Bunge haviwezi kutupa.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yetu, haimo katika kalamu ya mwandishi bali katika mkasi wa mrithi. Charles Francis Adams alizichapisha barua za bibi yake Abigail mwaka 1840, hati za babu yake katika juzuu 10 kati ya 1850 na 1856, na sehemu za shajara ya baba yake katika juzuu 12 kati ya 1874 na 1877. Alifanya kazi ya heshima, na bila yeye tungechelewa miaka 80 kuyajua mengi. Lakini alisahihisha tahajia ya bibi yake, akayaondoa mambo ya mwili na ya nyumbani aliyoyaona hayafai, na katika shajara ya baba yake akaacha nje sehemu kubwa ya maisha ya faragha. Kwa miongo mingi wasomaji walimjua John Quincy kama mtu wa chuma asiye na huzuni wala familia, kwa sababu huzuni na familia vilikuwa vimebaki kabatini Quincy.

Naye Henry, mjukuu wa John Quincy, alikuwa London na baba yake mwaka 1861 kama katibu wake, huku akiliandikia kwa siri gazeti la New York Times, mpaka jina lake lilipofichuliwa mwanzoni mwa 1862 na akalazimika kuacha. Henry huyo baadaye alizichoma shajara zake. Mkewe Marian, aliyejiua mwaka 1885, ametoweka karibu kabisa katika maandishi ambayo Henry alitaka dunia imjue kwayo. Hata katika familia iliyojenga maktaba ya mawe ili moto usiingie, moto uliwashwa na wenyewe.

SWALI: Mimi ninauliza jambo moja tu. Watu weusi wako wapi katika kurasa hizo robo milioni?

JIBU: Ndugu msomaji, wako pembezoni, na mara nyingi bila jina la ukoo. John Adams hakuwahi kumiliki mtumwa, wala John Quincy hatajwi kuwa mnunuzi wa watu. Lakini jamaa za Louisa Catherine huko Maryland waliwamiliki, na Washington yote waliyoishi ilihudumiwa na mikono ya watumwa. Katika barua za familia watu hao hutokea wakileta kuni, wakiugua, wakisafiri, kisha hupotea. Katika barua ya Februari 1797 Abigail anamsimulia mumewe habari za James, kijana mweusi aliyekuwa mtumishi wao, ambaye Abigail alimpeleka shule ya jioni mjini Quincy. Jirani akaja kulalamika kwamba wanafunzi wengine wataondoka, na Abigail akamjibu kwamba kumnyima kijana elimu kwa sababu ya uso wake ni kuuvunja msingi wa usawa. Ni barua ya kumpa heshima. Lakini alichosema James mwenyewe kuhusu shule ile hatukijui, kwa kuwa hakuna aliyekiandika.

Kwa hiyo tunataka kukueleza habari za barua nyingine iliyomo katika hazina hiyohiyo, nayo haikuandikwa na mtu wa familia. Mwaka 1839 watu waliotekwa katika nchi ambayo leo ni Sierra Leone, wengi wao Wamende, waliuzwa Havana, kisiwani Cuba, kinyume cha mikataba iliyopiga marufuku biashara hiyo, wakapakiwa katika jahazi liitwalo Amistad. Baharini waliasi, wakiongozwa na Sengbe Pieh, wakaiteka jahazi na kuamuru igeuzwe kuelekea Afrika. Walidanganywa njia, na Agosti mwaka huo wakakamatwa na jeshi la majini la Marekani karibu na Long Island, wakafungwa Connecticut. Hispania, iliyokuwa ikitawala Cuba, ilidai warudishwe, na serikali ya Rais Martin Van Buren ikaliunga mkono dai hilo. Watetezi wao walimwomba John Quincy Adams, aliyekuwa na miaka 73 na mikono inayotetemeka, awasemee mbele ya Mahakama ya Juu. Novemba 1840 aliwatembelea gerezani New Haven.

Tarehe 4 Januari 1841 mmoja wao, mvulana aliyeitwa Kale, mwenye umri uliokadiriwa kuwa miaka 11 hivi, alimwandikia barua kwa Kiingereza alichojifunza kifungoni kutoka kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale. Humo anasema kwamba Wamende wanafikiri, wanafikiri, na hakuna anayejua wanachokifikiri. Anasema wapo watu wanaowaita wajinga kwa sababu hawasemi lugha ya Marekani, kisha anauliza: Wamarekani nao hawasemi Kimende, je, wao ni wajinga? Anakanusha yaliyosemwa juu yao, na anaomba mahakama iambiwe kwamba wanachotaka ni kuwa huru na kutorudishwa Havana. Inawezekana walimu walimwongoza katika kuandika, lakini hoja ile ya lugha ni hoja ya mtu aliyechekwa na ambaye hakukubali kicheko hicho.

Adams alizungumza mbele ya mahakama tarehe 24 Februari na tarehe 1 Machi, kwa saa nyingi kila siku, na tarehe 9 Machi 1841 mahakama ikaamua kwamba Waafrika hao walikuwa watu huru waliotekwa nyara. Hakuna fedha za serikali zilizotolewa kuwarudisha; zilichangwa na wapinzani wa utumwa, na watu 35 waliosalia wakaondoka Novemba mwaka huo na kufika Sierra Leone Januari 1842. Kabla ya kuondoka walimpelekea Adams Biblia yenye barua ya shukrani, ambayo ikawekwa katika maktaba ya mawe Quincy. Iliibwa mwaka 1996 na baadaye ikapatikana.

Iko pia sauti nyingine iliyojaribu kupita mikononi mwake. Kuanzia 1836 Baraza la Wawakilishi lilikuwa na kanuni ya kuyaweka kando, bila kusomwa, maombi yote ya wananchi kuhusu utumwa. Tarehe 6 Februari 1837 Adams alimuuliza Spika iwapo ombi alilokuwa nalo, lililosemekana kutoka kwa watumwa 22, linaangukia chini ya kanuni hiyo. Ghasia zikazuka, wabunge wa Kusini wakataka aadhibiwe kwa kuthubutu kudokeza kwamba mtumwa anaweza kuliandikia Bunge. Hawakufaulu, na kanuni yenyewe ilifutwa Desemba 1844 baada ya yeye kuipinga kila mwaka. Sisi tunaona kwamba historia ya watu weusi katika karatasi za familia hii ipo zaidi katika barua walizoletewa kuliko katika walizoandika, na tunamshauri kila mtafiti aanzie kwenye fungu hilo.

SWALI: Nipo mbali na Marekani. Je, ninaweza kuzisoma bila kusafiri, na nianzie wapi?

JIBU: Unaweza. Chama cha Historia cha Massachusetts kimeweka katika intaneti picha za juzuu zote 51 za shajara ya John Quincy Adams, pamoja na barua za John na Abigail, na Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani ina tovuti ya bure yenye maandishi yaliyochapwa ya karatasi nyingi za Adams, ambayo unaweza kuitafuta kwa jina au kwa tarehe. Karatasi za Lincoln zimo katika tovuti ya Maktaba ya Bunge.

Usianze mwanzoni, kwa sababu utachoka kabla hujafika popote. Chagua tukio moja, kisha usome siku zake. Ukichagua Amistad, fungua shajara katika majira ya baridi ya 1840 na 1841, uone jinsi mzee yule anavyolalamika juu ya macho yake na hofu yake ya kushindwa, kisha usome aliyoyaandika tarehe 29 Machi 1841, majuma matatu baada ya ushindi, anapojiuliza mtu mwenye mkono unaotetemeka na akili inayosinzia atafanya nini zaidi kuukomesha utumwa. Mwandiko wake wa uzeeni ni mgumu, kwa hiyo weka maandishi yaliyochapwa kando ya picha pale yanapopatikana. Ukikutana na herufi za mwanzo za majina badala ya majina kamili, tazama orodha ya wabunge wa mwaka huo. Mara nyingi utampata mhusika humo.